Umehamia sehemu ya joto kali? Wiki mbili za kwanza usijikaze kisabuni

Kama umezaliwa na kukulia kwenye baridi, ile ya asubuhi mdomo unatoa moshi na usiku blanketi moja halitoshi, halafu kazi au ndoa au masomo yakakupeleka sehemu ambayo saa mbili asubuhi tu shati limeshagandana na mgongo, basi hii nimekuandikia wewe. Mi nilihama hivyo miaka minne iliyopita, nikaja na mume wangu na mtoto wa miezi minne, na kila mtu niliyemuuliza kabla ya safari alinijibu neno moja tu, "utazoea". Ni kweli nimezoea. Ila hakuna aliyeniambia mwili unazoeaje, unachukua muda gani, na katika huo muda unatakiwa uishi vipi usije ukaumia. Mi karibu niumie siku ya tatu tu.

Ilikuwa hivi. Gari la mizigo lilitakiwa lifike asubuhi, likafika saa sita mchana, jua la utosi. Mume wangu yuko kazini, mtoto amelala ndani, na jamaa wa gari wanataka washushe waondoke zao, nikaona hapa ni kujikaza kisabuni tu. Nikawa nabeba. Maboksi ya vyombo, viti, godoro, napanda ngazi nashuka, jasho linatiririka mpaka machoni na mi najiambia ngoja nimalize hili ndo nipumzike. Kichwa kikaanza kugonga. Baadae kichefuchefu, nikanywa maji, nikaendelea. Halafu nikajikuta nimesimama katikati ya sebule na boksi mikononi, sikumbuki nalipeleka chumba gani, na kinachonitisha mpaka leo ni kwamba wala sikushtuka, nilisimama tu nimetulia kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mama mmoja jirani, mtu mzima, alikuwa ananiangalia kutoka kwake muda wote. Akaja, hata hodi hakupiga. "Mwanangu, weka hilo boksi chini. Kaa." Nikamwambia mama yamebaki machache. Akasema, "Sisi tuliozaliwa hapa saa hizi hatubebi kitu, we wa juzi unabeba?" Akanikalisha sakafuni kivulini, akanifungua vifungo vya shati, akalowesha taulo kwenye ndoo akaniwekea shingoni na ingine kwapani, miguu akaitia kwenye beseni la maji, akawa ananipepea na kipande cha boksi. Ilichukua kama nusu saa kichwa kikatulia. Mizigo iliyobaki ilipandishwa saa kumi na moja jioni na hakuna kilichoharibika.

Ile kauli yake ndo ushauri wangu mkubwa kuliko yote nitakayoandika hapa chini. Watu wa sehemu za joto hawana miili ya chuma, wao wanajua tu saa gani ya kufanya nini, na sisi wageni tunakuja na ratiba ya kwetu kule kwenye baridi tunataka ifanye kazi hapa.

Sasa tuongelee huko kuzoea kwenyewe. Mwili wa binadamu unataka ndani ubaki kwenye nyuzi joto 37 hivi, uwe popote. Ukipata joto, moyo unasukuma damu nyingi ije karibu na ngozi, na jasho linatoka, na likikauka pale juu ya ngozi ndo linaondoka na joto. Hapo elewa vizuri, kinachokupoza ni jasho kukauka, kutoka kwake peke yake hakusaidii. Mtu aliyetoka kwenye baridi mwili wake unachelewa kuanza kutoa jasho, likitoka linabeba chumvi nyingi, na moyo unakimbia hata kwa kazi ndogo. Ukikaa kwenye joto kidogo kidogo kila siku, ndani ya wiki moja hadi mbili hivi mambo yanabadilika, maji ya kwenye damu yanaongezeka, moyo unatulia, jasho linaanza mapema na linatoka jingi zaidi lakini chumvi yake imepungua. Ukifika hapo utaona ngazi zilezile zilizokutoa roho wiki ya kwanza unazipanda huku unaongea na simu.

Ila ni kidogo kidogo. Taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi mgeni kwenye kazi ya joto siku ya kwanza akae kwenye hilo joto asilimia 20 tu ya muda wa kawaida wa kazi, halafu kila siku aongezwe asilimia 20 ingine, yaani kazi nzima aifikie siku ya tano. Mi siku ya tatu nilikuwa kwenye asilimia mia, tena mchana. Mume wangu ndo kabisa, kazi yake ni ya kusimama juani, na msimamizi wake alimjibu kwamba wageni wote huwa wanalalamika joto, we fanya kazi. Akavumilia. Usiku misuli ya mapaja inamkaza mpaka anauma mto, na mi nimekaa pembeni namkanda sijui hata nifanye nini. Lile jibu liliniumiza na bado linaniuma, manake kumwanzisha mtu taratibu siku tano hakuna kazi inayokufa. Kwa hiyo kama kazi yako ni ya mikono, ujenzi, shamba, kubeba, ongea na bosi kabla hujaanza, mwambie natoka kwenye baridi naomba siku za kwanza niwe na mapumziko mengi kivulini. Akikataa, basi angalau wewe mwenyewe punguza kasi, kunywa maji, na usifanye kazi peke yako mahali ambapo hakuna mtu wa kukuona ukibadilika.

Na kinyume chake pia, usijifungie ndani. Kama una kiyoyozi nyumbani, ofisini na kwenye gari, mwili haupati joto la kujifunzia, utakaa miezi sita na bado ukitoka nje unakuwa kama umeshuka jana. Mi nilianza na matembezi ya nusu saa asubuhi mapema, baadae nikasogeza, nikaongeza.

Maji. Hapa kila mtu atakwambia "kunywa maji mengi" na kuna kosa humo ndani. Kwanza usisubiri kiu, kiu inachelewa, na kwa wazee inachelewa zaidi au haiji kabisa, kwa hiyo kama umehama na mzazi wako usimuulize kama ana kiu, mpe tu. Ukiwa unafanya kazi kwenye joto kunywa kama robo lita kila dakika 15 au 20, kidogo kidogo, ni bora kuliko kukaa masaa matatu halafu unajimiminia chupa nzima. Lakini pili, maji kupita kiasi nayo ni hatari. Kwenye saa moja usifikishe lita moja na nusu. Jasho linaondoka na chumvi, ukirudisha maji matupu tu, mengi, chumvi ya kwenye damu inashuka na dalili zake zinafanana na za joto lenyewe, kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, sasa mtu anadhani hajanywa maji ya kutosha anaongeza mengine. Kula chakula chako kwa wakati, usiruke mlo kwa sababu hamu haipo, kwa watu wengi chumvi ya kwenye chakula inatosha. Siku umetoka jasho sana au unaharisha, changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Pima vizuri, hasa chumvi, usikadirie kwa mkono. Mwenye presha au matatizo ya figo au moyo aulize kwanza daktari wake kuhusu maji na chumvi, usifuate ya kwangu.

Kipimo changu cha kila siku ni mkojo. Ukiwa mweupe au wa njano ya mbali uko sawa, ukiwa wa njano nzito au kahawia, kunywa.

Halafu mjue joto liko la aina mbili na mbinu zake zinapishana, hili lilinichanganya sana mwanzoni kwa sababu ushauri wa mtu wa jangwani hausaidii mtu wa karibu na maji mengi. Kuna joto kavu, ngozi inapasuka, midomo inachanika, hata jasho hulioni kwa sababu linakauka likitoka. Hapo ndo watu wanapungukiwa maji bila kujua. Na kuna fukuto, hewa nzito yenye unyevu, jasho linatoka na linabaki palepale, umeoga sasa hivi na umeshaloa chapachapa. Kwenye joto kavu shuka lenye maji au pazia ulilolowesha dirishani linapoza chumba vizuri, mchana unafunga madirisha na mapazia, usiku unafungua yote. Kwenye fukuto ukilowesha vitu ndani unaongeza unyevu tu, unachotaka wewe ni upepo upite, dirisha huku na dirisha kule, na feni. Sisi tuko kwenye fukuto, na mi wiki ya kwanza nilikuwa nalowesha mashuka nyumba nzima kwa sababu mtu fulani aliniambia, nyumba ikanuka uvundo na joto likabaki vilevile.

Feni nayo ina mipaka yake. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi, feni inakupulizia joto. Shirika la Afya Duniani linasema hewa ikizidi nyuzi 40 feni inaweza kuupasha mwili badala ya kuupoza. Siku za hivyo jimwagie maji mwilini, vaa nguo yenye majimaji, tafuta jengo lenye ubaridi ukae hata masaa mawili matatu.

Nguo sitakaa sana, pana, nyepesi, pamba, rangi ya kupauka, poliesta waachie wengine. Jinzi zangu nimezikunja kabatini. Kofia yenye ukingo mpana. Viatu usinunue vya kubana kwa sababu miguu inavimba siku za mwanzo, pete pia, mi yangu ilinibana mpaka nikaivua kwa sabuni, baada ya wiki kadhaa ikarudi kawaida. Na harara, vile vipele vya joto shingoni na chini ya matiti na kwenye mikunjo, usipake mafuta mazito juu yake, unaziba vitundu vya jasho na ndo kinachosababisha. Oga, jikaushe vizuri, acha ngozi ipate hewa.

Usingizi ndo ulionitesa kuliko vyote na nadhani watu hawausemi inavyotakiwa. Ili ulale mwili unahitaji ushuke joto kidogo, sasa chumba kikiwa kama tanuru unajigeuza mpaka saa tisa usiku, asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na ukishakosa usingizi siku tatu mfululizo kila kitu kinakuwa kibaya. Kilichonisaidia ni kuoga kabla ya kulala maji ya kawaida ya bombani, sio ya barafu, na kutojikausha kabisa, nalala na kaunyevu mwilini na feni inapita miguuni. Godoro tulilokuja nalo lilikuwa lile nene la kukumbatia mwili, zuri sana kwenye baridi, huku linashika joto, tukalitandika mkeka juu na baadae tukalibadilisha. Pia tulihama chumba. Tulichagua kikubwa, kumbe ukuta wake unapigwa na jua la jioni, usiku ukiugusa bado una moto. Tukahamia kidogo cha upande wa pili na tofauti niliiona usiku uleule. Kwa hiyo kabla hujachagua chumba cha kulala, nenda saa moja jioni ukaweke kiganja ukutani.

Na neti jamani. Najua neti inazuia upepo, najua unataka kuitupa, usiitupe. Sehemu nyingi za joto zina mbu wa malaria, na kama umekulia kwenye baridi ambako malaria hakuna huna kinga ile ndogo ambayo watu wazima wa hapa wameijenga kwa miaka, ikikushika inakushika vibaya. Mbu wa malaria anauma usiku, yule wa dengue anauma mchana, kwa hiyo hata mchana jikinge. Na hili naliomba kwa moyo wote, ukipata homa usiseme ni joto tu. Joto la hewa linachosha, linaumiza kichwa, lakini mwili ukichemka wakati umepumzika kivulini, nenda kapime siku hiyohiyo.

Mtoto. Wangu alikuwa anamaliza mwezi wa tano na kila aliyetutembelea aliniambia mpe maji huyu, anakauka. Nilikuwa nalia. Nikaenda kliniki nesi akanielewesha, mtoto chini ya miezi sita maziwa ya mama yanamtosha hata kwenye joto kali, hahitaji maji, cha kufanya ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi na mama mwenyewe ndo anywe maji. Na kweli alikuwa ananyonya kidogo kidogo kila wakati, nilidhani hashibi kumbe ana kiu. Usimfunike na kitambaa kwenye kigari au mgongoni kwa kukinga jua, hewa ndani yake inachemka, tafuta kivuli. Na usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa hata dakika tano, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Gari lililosimama juani linapanda nyuzi kama 10 ndani ya dakika kumi tu.

Kuna vitu vidogo vya nyumbani vinavyobadilika pia. Chakula kilichopikwa nilizoea kukiacha jikoni mpaka kesho yake, huku masaa mawili mwisho, siku za joto kali saa moja. Dawa angalia pakiti, nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30, usiziweke kwenye gari wala juu ya friji. Na kama unatumia dawa za kila siku, za presha zile zinazokojoza, za akili, baadhi za mzio, mwambie daktari umehamia kwenye joto, zipo zinazopunguza jasho au zinazokausha maji mwilini.

Sasa dalili za hatari, hizi zishike. Kizunguzungu, kichwa, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi na ngozi imepoa, hapo acha unachofanya, kaa kivulini, legeza nguo, jipoze, kunywa taratibu. Mtu akianza kuchanganyikiwa, anaongea vitu havieleweki, anapepesuka, anazimia au anapata degedege, hiyo ni ingine, joto la ndani linaweza kuwa limepita nyuzi 40, wanaita kiharusi cha joto na kinaua. Usisubiri aache kutoka jasho ndo uamini, wengine wanakuwa bado wanatoka jasho. Piga simu ya msaada, na wakati unasubiri mpoze hapohapo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, barafu shingoni na kwapani na kwenye kinena kama ipo. Usimnyweshe chochote kama hajitambui. Kosa watu wanalofanya ni kumkimbiza hospitali kwenye gari la moto bila kumpoza, zile dakika za njiani ndo zinazoharibu ubongo. Nikikumbuka mi na lile boksi sebuleni, nilikuwa nimeshaanza kuelekea huko.

Kuna jambo ambalo sikulitegemea, hasira. Miezi miwili ya kwanza mimi na mume wangu tuligombana kuliko miaka yote ya ndoa, kwa vitu vya ajabu, nani kazima feni, nani kaacha mlango wazi. Nilidhani ndoa inavunjika. Ni kukosa usingizi na mwili uliochoka kila saa. Tukakubaliana kwamba mchana hatujadili kitu chochote kizito, hela, ndugu, shule, vyote vinasubiri jioni tukishaoga. Tunafanya hivyo mpaka leo. Na ukijiona mvivu usijihukumu, kule nilikuwa nafanya mambo kumi kwa siku, hapa nikajilaumu sana kwa kufanya sita, lakini mwili uko kazini muda wote unajipoza, hiyo nayo ni kazi.

Ratiba yangu ya sasa iko hivi. Naamka saa kumi na moja alfajiri, kufua, kupika cha mchana, kufagia, sokoni, yote yanaisha kabla ya saa nne. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi jioni, jua linapokuwa kali zaidi, naweka kazi za kukaa, na kama kuna nafasi nalala nusu saa, zamani niliona kulala mchana ni aibu. Jioni ndo natoka, natembelea watu, mtoto anacheza nje. Mwanzoni niliona majirani wanakaa nje mpaka usiku nikajiuliza hawa hawalali? Kumbe ndo saa zao za kuishi.

La mwisho, kule kuzoea hakukai milele. Ukirudi kwenye baridi ukakaa wiki chache mwili unasahau, na ukirudi unaanza tena, japo mi naona safari ya pili inakuwa nyepesi kidogo. Mwaka jana nilikaa kwetu mwezi mzima, nikarudi Jumapili usiku, Jumatatu saa mbili niko kazini, Jumanne nikalala kitandani kichwa kinapasuka. Mwaka huu nimeomba ruhusa mapema, narudi Alhamisi, na mizigo ikichelewa ikafika mchana itakaa mlangoni mpaka jioni.